Mabakuli Arobaini Kabla ya Bahari Kufungwa

Siku Artemoni alipowaita wafanyakazi wake na kuwaambia kwamba agizo jipya ndilo la mwisho, Tekosi hakuhisi uchungu aliokuwa akiutarajia. Alihisi hamu ya kukaa chini, basi. Alisimama mlangoni mwa karakana, vumbi la kioo limemganda mikononi hadi kwenye viwiko, akamsikiliza mwenye karakana akieleza mambo taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyarudia peke yake mara nyingi. Mabakuli arobaini na sahani kubwa kumi, zote za maua ya manjano juu ya kijani. Mnunuzi yuko Roma. Meli itaondoka mwezi wa Hathiri, kabla bahari haijafungwa kwa ajili ya dhoruba. Baada ya hapo tanuri watapewa Wasidoni wawili waliokuwa wamepanga banda la jirani, wale wanaopuliza kioo kwa mrija wa chuma kama watoto wanaopuliza mapovu.

Artemoni alisema hana ugomvi na mtu. Wasidoni wanatoa vikombe mia kwa siku, karakana yake inatoa bakuli moja kwa siku mbili. Watu wa Aleksandria wenyewe siku hizi wanataka kioo chepesi kinachopitisha mwanga, wanywe huku wanaiona divai yao.

Tekosi aliitikia kwa kichwa. Kaka yake Pakebki alikuwa amesimama karibu na tanuri. Ndugu hao wawili hawakutazamana, na hilo halikumshangaza mtu yeyote mle ndani, kwa sababu walikuwa na miaka mitano hawajazungumza.

Si kwamba walikuwa kimya kabisa. Kazi yao haikuruhusu. Baba yao aliwafundisha kuvuta fito za kioo wangali vijana, yeye Tekosi ana miaka kumi na minne na Pakebki kumi na tisa, na ufito wa kioo hauvutwi na mtu mmoja. Kila mara Pakebki alianza kwa kutengeneza moyo wa ufito: kijiti cha kioo cheupe, akakivika manjano, akakiviringisha juu ya bamba la jiwe, akakivika kijani, akakiviringisha tena. Akakusanya vijiti kama hivyo kadhaa, akavifunga pamoja, akavirudisha motoni mpaka vikawa donge moja nene kama mkono wa mtu. Ndani ya donge lile ua lilikuwa limeshakaa, kubwa na zito, halionekani vizuri kwa ajili ya moto. Hapo ndipo Tekosi alipoinuka kwenye meza yake, akashika ncha ya pili kwa fimbo yake ya chuma, na wote wawili wakaanza kurudi nyuma, kila mmoja upande wake, wakitembea kinyumenyume katika banda refu. Donge likawa kamba, kamba ikawa ufito mwembamba kama kidole, na lile ua likapungua nalo bila kupoteza hata jani moja. Ukiukata ufito popote, ua lilelile linakutazama.

Kwa kazi hiyo walihitaji maneno manne: shika, vuta, polepole, simama. Hayo ndiyo waliyoambiana kwa miaka mitano, na hakuna la tano.

Jambo lililowatenganisha lilikuwa mama yao. Mama huyo alilisha tanuri kuni na mizizi ya mafunjo kwa miaka thelathini, na uzeeni macho yakaingia ukungu, kisha yakapofuka. Aliishi kwa Tekosi, katika chumba kimoja nyuma ya soko la samaki wa chumvi katika mtaa wa Rakoti. Tekosi alikuwa mjane. Mumewe, mwendesha mashua wa mferejini, alikufa kwa homa, na binti yao aliolewa mbali, Memfi. Kwa hiyo alikuwa peke yake. Alfajiri alimwosha mama, akamlisha mkate uliolowekwa kwenye pombe, akamweka karibu na mlango ili asikie watu wakipita, akaenda kazini. Jioni akarudi, akaanza upya. Miaka minne. Pakebki alikaa mitaa mitatu tu kutoka pale, na hakukanyaga. Alimtuma mkewe na mafuta, na dengu, na mara moja na shuka jipya. Yeye mwenyewe alionekana siku mama alipopelekwa kwa watu wa kupaka dawa maiti, akalipia sanda, akalia mbele za watu. Tekosi alimtazama akilia, akaona hana la kumwambia mtu huyu tena.

Basi agizo la mwisho likaanza, mwezi wa Mesore, mto umejaa na hewa imelowana. Tekosi alikata fito kwa patasi ndogo, kipigo kimoja kipande kimoja, kila kipande chembamba kama ukucha. Bakuli moja lilikula vipande mia mbili na kitu. Alivipanga juu ya kisahani cha udongo, kimoja ubavuni mwa kingine, akaanzia katikati akizunguka kwenda nje, akaviziba pembeni kwa uzi wa kioo uliosokotwa, buluu na nyeupe. Kisahani kikaingia jokoni, vipande vikashikana vikawa mkate mmoja bapa. Kisha mkate ule ukalazwa juu ya kalibu ya udongo iliyofinyangwa kama bakuli lililopinduliwa, ukarudishwa motoni mpaka ukalegea na kulala juu ya kalibu kama nguo iliyolowa. Baada ya hapo ulipaswa kupoa polepole sana, mchana na usiku, la sivyo ungepasuka. Mwishoni ukaenda kwenye jiwe, ukasuguliwa kwa mchanga na maji, nje na ndani, mpaka maua yakatoka kwenye ukungu wake yakang'aa.

Kila jioni mgongo wake ulikuwa kama umepigwa rungu. Alifika nyumbani akala kitunguu na mkate akiwa amesimama, kwa kuwa alijua akikaa hatainuka.

Wiki ya tatu ufito uliharibika. Walikuwa wameufikisha katikati ya banda, Tekosi akaona upande wa kaka yake umenenepa kama nyoka aliyemeza panya, kisha ukainama katikati ukagusa sakafu, ukachafuka. Pakebki alisema, akiiambia hewa, kwamba upepo umeingia. Upepo haukuwepo. Siku ya pili yake ilitokea tena, na safari hii Tekosi alimwangalia kaka yake badala ya kuangalia kioo.

Akaona midomo yake ikitembea. Alikuwa akihesabu hatua. Alipofika mwisho wa banda alinyoosha kisigino nyuma, akaugusa ukuta kidogo kabla ya kusimama. Alipoitazama rangi ya moto hakuitazama sawasawa. Aligeuza kichwa kama kuku anayeangalia punje, akatafuta kwa pembe ya jicho.

Tekosi aliyajua yote hayo. Kisigino kile, kichwa kile, vidole vilivyopapasa kona ya meza kabla ya kuweka kitu. Alikuwa ameishi navyo katika chumba kimoja. Na kitu cha kwanza alichohisi hakikuwa huruma. Kilikuwa uchovu, uchovu wa mtu aliyeutua mzigo mlangoni, akafungua mlango akaukuta umeshaingia ndani unamngoja.

Kesho yake alifanya jambo ambalo baadaye lilimwaibisha. Pakebki alipokuwa akikusanya vijiti vya kufunga, alinyoosha mkono nyuma kama kawaida ili Tekosi amkabidhi cha manjano. Tekosi akampa cheupe. Pakebki akakipokea, akakigeuza, akakiweka katikati ya vile vingine na kuanza kufunga.

"Hicho ni cheupe," Tekosi alisema.

Mikono ya Pakebki ilisimama. Kisha akakichomoa kile kijiti, akakiweka kando kwa uangalifu, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye anatoka kunywa maji.

Tekosi alimfuata uani, kwenye mtungi. Ng'ambo ya ukuta Wasidoni walikuwa wakiimba wimbo wao wa kupulizia. Kaka yake alikuwa ameegemea ukuta, kata ya maji mkononi, hanywi.

"Tangu lini?" akamwuliza.

"La kulia, miaka saba. La kushoto lilifuata. Tangu mwaka jana naona moto tu, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni."

"Saba." Tekosi alihesabu kichwani. Mama alikuwa hai bado. "Mkeo anajua?"

"Anajua. Huku hajui mtu. Nafanya kwa mazoea. Kioo kikiiva kina sauti yake kwenye chuma, na joto lake usoni. Lakini rangi za vijiti baridi," akatingisha kichwa, "hizo hazina sauti."

Pakebki akaendelea, maneno yakimtoka moja moja kama ya mtu anayetoa mawe kwenye kiatu. Alisema siku moja alikuwa amekwenda kumwona mama. Alifika mpaka mlangoni. Mama alikuwa ameketi palepale alipowekwa, akageuza kichwa kusikiliza, akamtazama kwa yale macho meupe, akauliza nani huyo. Na yeye tayari jicho moja lilikuwa limeanza ukungu.

"Nikaona ndiye mimi ninayeketi pale," alisema. "Nikaogopa. Nikarudi. Kesho yake nikaona aibu kwa kuwa jana nilirudi. Halafu ikawa hivyo."

"Ikawa hivyo," Tekosi akarudia. "Mimi namgeuza kitandani mara nne usiku mmoja, wewe unaona aibu."

"Najua."

"Hujui, kaka. Ungekuja ukashika mguu mmoja tu nami nikashika mwingine, ungejua."

Pakebki aliinamisha kichwa. Akasema hamwombi msamaha. Anaomba kitu kidogo: wamalize agizo hili. Mkewe amepata mahali pa kuuzia mikate karibu na lango la mferejini, na yeye ataweza kusaga kwa mkono, kusaga hakutaki macho. Lakini hataki watu waseme kwamba Pakebki, mtoto wa mvuta fito, alitolewa karakanani kwa kushikwa mkono. Baada ya agizo itakuwa imekwisha yenyewe.

Tekosi alimtazama kaka yake, nywele zimekuwa mvi na nyusi zimeungua nusu kwa moto wa miaka, akatafuta ndani yake ile hasira aliyokuwa akiilisha muda mrefu. Ilikuwepo. Ila nayo ilikuwa imechoka.

"Nimechoka kuwa macho ya watu," alisema. Akaichukua ile kata mkononi mwa kaka yake, akanywa maji yote, akarudi ndani.

Hakusema ndiyo. Lakini walipokwenda kuvuta ufito uliofuata, Pakebki akiwa ameinua donge kutoka motoni na kulishikilia, Tekosi alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Bado. Ni nyekundu ya tofali." Akangoja. "Sasa ya chungwa. Imeanza kuwa nyeupe kwenye bega la kushoto. Geuza. Geuza tena. Haya, sasa."

Wakaanza kurudi nyuma. "Upande wako unanenepa," akasema. "Ongeza mwendo. Hapo. Hapo sawa." Ufito ukatoka mnyoofu, hatua ishirini na mbili kwa upande wake na ishirini na mbili kwa upande wa kaka yake. Walipoulaza juu ya mbao, Pakebki alivuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Hivyo ndivyo walivyofanya mwezi ule na uliofuata. Tekosi alifanya kazi yake na nusu ya kazi ya kaka yake, tena kwa mdomo. Alimpangia vijiti asubuhi, vyeupe kushoto, manjano katikati, kijani kulia, na kila siku akamwambia, hata kama hakuna kilichobadilika. Alimwambia ni nani aliyeingia. Alimwambia kuna ndoo mbele yake. Koo lilimkauka, sauti ikawa ya kukwaruza. Wasidoni waliwasikia kupitia ukutani, na mkubwa wao, jitu moja lenye mashavu ya kujaa kwa kupuliza, akamwuliza Tekosi kwenye foleni ya maji kumetokea nini.

"Miaka mitano mko kimya kama makaburi, leo mnapiga soga kutwa. Mnaagana na maua yenu, ama?"

"Tunakusengenya wewe," Tekosi alimjibu. "Kaka yangu anasema unapuliza kioo kwa sababu hujui kukishika."

Yule Msidoni akacheka mpaka akamwaga maji, na Tekosi alishangaa kujisikia anatabasamu. Lilipita upesi. Jioni ile alilala na viatu miguuni.

Mabakuli yalitimia arobaini. Fito zote zilizohitajika zilikuwa zimekwisha kuvutwa. Zilibaki sahani mbili kubwa, zile ngumu kuliko zote, kwa kuwa kioo kipana hupoa kwa ukorofi: pembeni hutaka kutangulia na katikati hukataa. Sahani ya tisa ilikuwa jokoni inapoa, na ilikuwa zamu ya Tekosi kulinda moto. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Unakaa kwenye kigoda, unatia kuni mbili, unangoja, unatia moja, unangoja zaidi, mpaka joko lishuke joto lenyewe bila kujua. Ilikuwa mchana, jua la saa saba, nzi wanazunguka. Tekosi aliegemea ukuta. Alifumba macho ili kuyapumzisha kidogo kwa ajili ya moshi.

Aliamshwa na mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu aliyekata ukucha chumba cha pili. Lakini watu wa kazi ile wanaujua mlio huo, na Tekosi alikuwa amesimama kabla hajaamka vizuri. Moto ulikuwa majivu. Alifungua kidirisha cha joko kwa koleo, akaona ufa umekatiza sahani kutoka ukingo hadi ukingo, umepita katikati ya maua bila kujali.

Artemoni aliusikia pia. Alikuja akiwa na ufuta kwenye ndevu, ametoka kula. Alitazama ndani ya joko, akatazama majivu. Uso wake haukuonyesha hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliuliza nani alikuwa analinda.

Tekosi alifungua mdomo. Lakini Pakebki, aliyekuwa ametokea nyuma kwa kufuata ukuta, alitangulia.

"Mimi," alisema. "Nilimwambia dada akapumzike, nitalinda mimi. Sikuona moto umezimika. Sioni, bwana Artemoni. Nina mtoto wa jicho, yote mawili. Ni muda sasa."

Artemoni alimkaribia Pakebki, akapitisha mkono mbele ya uso wake, mara moja, kisha tena polepole. Macho ya Pakebki hayakuufuata.

"Na fito hizi zote?" Artemoni aliuliza. "Nani amezivuta?"

"Mimi. Na macho ya dada yangu."

Tekosi alisimama pale, koleo mkononi, akaona jinsi mambo yanavyoweza kuwa rahisi. Angenyamaza tu. Kaka yake alikuwa anatoka hata hivyo. Alikuwa ameamua kutoka kwa mlango huu, na alikuwa anambebea mzigo mmoja wakati wa kutoka. Mzigo mmoja, baada ya yote yale. Angeweza kuukubali kama haki yake. Ila alijua kwamba akiukubali, watakuwa wamefuta deni, na yeye hakutaka lifutwe kwa sahani.

"Anadanganya," alisema. "Macho ni kweli. Mengine ni uongo. Nililala mimi. Nilikuwa nimechoka, nikalala."

Artemoni aliwatazama wote wawili. Alikuwa mtu wa miaka sitini, na karakana hiyo aliirithi kutoka kwa baba yake, na ilikuwa imebaki na wiki chache tu. Alivuta kigoda kile cha mlinzi wa moto, akakikalia yeye mwenyewe. Alikaa muda mrefu, akijiondoa ufuta kwenye ndevu punje kwa punje.

"Nyinyi watu," alisema mwishowe, "kwa nini hamkuniambia? Mngeniambia ningewapa mtu wa kulinda moto."

Jibu lilikuwa refu mno.

Artemoni akasema sahani itarudiwa, vipande vipo. Akasema Pakebki asikaribie moto tena, si kwa adhabu, ila hataki kumpelekea mkewe mtu aliyeungua. Akaenda kwenye jiwe la kusugulia. Alikuwa amemchukua msuguaji mmoja wa kibarua, na kibarua huyo alikuwa mvivu, mabakuli kumi na mbili yalikuwa yanangoja bado. Akamwita Pakebki, akamkalisha, akamwekea bakuli mikononi na kitambaa kilicholowa chenye mchanga laini.

Pakebki alisita. Kisha akapitisha dole gumba ndani ya bakuli, kutoka ukingoni kwenda chini, akalizungusha, akalipitisha tena. Dole likasimama mahali.

"Hapa kuna bonde," alisema. "Kipande kimoja kimezama kuliko wenzake."

Artemoni alilichukua, akalipeleka kwenye mwanga, akaligeuza, hakuona kitu. Tekosi naye akalitazama, hakuona. Wakalimwagia maji, na kweli maji yakabaki pale pale, tone dogo kama machozi ya mjusi, juu ya ua moja.

Tangu siku hiyo Pakebki alisugua. Alikuwa mwepesi kuliko yule kibarua na hakuhitaji mwanga, kwa hiyo alikaa kwenye kona ya giza ambayo hakuna aliyeipenda, akawaachia wengine dirisha. Artemoni mwenyewe ndiye aliyelinda joko la sahani mbili za mwisho. Tekosi alimwona ameketi mbele ya kidirisha cha joko, kanzu nzuri imeingia masizi, anatia kuni mbili, anangoja, anatia moja. Sahani zilitoka nzima.

Mwezi wa Hathiri, siku ya nne, walipakia. Kila bakuli lilifungwa kwa nyasi kavu na kulazwa kwenye kikapu, na juu yake nyasi tena, na juu ya nyasi bakuli jingine. Msimamizi aliyetumwa na mnunuzi, kijana wa Kigiriki mwenye haraka, alifungua matatu tu kwa kuyakagua. La tatu alilishika kwa muda, akaligeuza kwenye jua, akauliza maua haya yamechorwa na nani. Tekosi alimwambia hayakuchorwa. Yule kijana akasema hata hivyo ni mazuri, akafunga kikapu, akaita wapagazi. Punda watatu walitoka na vikapu kuelekea bandarini, na karakana ikawa tupu kiasi kwamba mtu alisikia nyayo zake mwenyewe.

Artemoni aliwapa ujira wao na mtungi wa divai kila mmoja. Alimwambia Tekosi akitaka anaweza kubaki, Wasidoni watahitaji mtu wa kuchagua na kupanga vikombe. Tekosi alishukuru, akasema atajibu akishalala.

Alitoka nje, akamkuta kaka yake ameketi kizingitini, mtungi katikati ya magoti. Alikuwa anamngoja mkewe aje amchukue. Jua lilikuwa limeanza kulegea, na bandani kwa jirani yule jitu alikuwa akipuliza; ulisikia pumzi yake, kisha mlio wa kioo kikikatwa kutoka kwenye mrija, kisha pumzi tena. Tekosi aliketi kando yake. Kiti kingine hakikuwepo.

Kwa muda walisikiliza tu vikombe vya Msidoni vikizaliwa kimoja baada ya kingine.

"Nieleze mama alivyokwenda," Pakebki alisema.

Tekosi aligeuka akamtazama. Katika miaka mitano hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo. Majirani waliuliza sanda ni ya bei gani. Binti yake aliandikisha barua kutoka Memfi akauliza kama bibi aliacha zile bangili. Namna mama alivyokwenda, hilo alikuwa amelibeba peke yake, na hakuwahi kudhani lina mahali pa kutuliwa.

Akaanza polepole, kwa ile sauti yake iliyokwaruzika. Alieleza majira ya baridi yale, mama alivyoacha kula mkate, akawa anataka tende zilizopondwa tu. Alieleza vidonda vya mgongoni na dawa ya asali. Alieleza jinsi mama alivyokuwa akiamka akidhani yuko tanurini, akiomba kuni, na Tekosi akimwekea mkononi kijiti chochote ili atulie. Kuna mambo alirudi nyuma kuyasema upya, kwa sababu alikuwa ameyasahau. Pakebki hakumkatiza.

"Alikuulizia," Tekosi alisema. "Kila siku. Pakebki amekuja?"

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia umekuja akiwa amelala."

Pakebki alishika mtungi kwa mikono miwili. Akauliza, "Aliamini?"

"Alisema, mbona hakuniamsha."

Pakebki hakulia mbele za watu safari hii, ingawa watu walikuwa wakipita. Aliinamisha tu kichwa mpaka paji la uso likagusa mdomo wa mtungi, akakaa hivyo. Tekosi hakumgusa, wala hakuondoka. Alikuwa na mengi bado: asubuhi yenyewe, na mikono ya mama, na mwanamke wa jirani aliyemsaidia kumfunga kidevu. Alipumzika kidogo, akayaendea.

Mke wa Pakebki alikuja akiwa na unga kwenye mikono. Akawaona, akasimama mbali, kisha akaona bora akae kwenye jiwe la ng'ambo ya njia angoje. Tekosi alipofika mwisho, alijaribu kuinuka ili amwachie wifi yake amchukue mumewe, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi.

"Ngoja kidogo," alisema, akaketi tena.

"Sina haraka," Pakebki alisema.